Kisigino kinachouma asubuhi

SWALI: Daktari, nina miaka 46 na ninauza nguo dukani. Kila asubuhi nikishuka kitandani, kisigino cha kulia kinauma kama nimekanyaga mwiba. Nikitembea kidogo kinaachia, jioni kinarudi. Nyumbani wanasema ni baridi ya vigae, nivae soksi. Ni kweli? Msomaji, Tanga.

JIBU: Vigae vinahusika, baridi haihusiki. Ingekuwa baridi, Tanga ya mwezi wa Januari isingekuwa na mtu anayelalamikia kisigino. Ushahidi mkubwa uko kwenye saa unazozitaja mwenyewe. Chini ya wayo kuna utando mgumu unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kuishia kwenye mashina ya vidole, nao ndio unaoshikilia tao la mguu kila unapokanyaga. Ukibebeshwa mzigo kuliko ulivyozoea, huumia pale unapojishikiza kwenye kisigino. Usiku mguu ukipumzika, utando nao hukakamaa, na hatua ya kwanza ya asubuhi huuvuta ghafla. Ukizungukazunguka hulegea, na jioni, baada ya kutwa nzima ya kusimama, huuma tena. Mzigo wenyewe ni sakafu ngumu, ndala zilizolika hadi kisigino kinakaribia kugusa chini, uzito wa mwili ulioongezeka, na vigimbi vilivyokaza. Atakayesema soksi zilimsaidia simkatalii, maana soksi nene ni godoro dogo la kisigino. Lakini chupa ya maji yaliyoganda, ukiifunga kitambaa na kuiviringisha chini ya wayo kwa dakika 10, huwapunguzia wengi maumivu. Baridi ingekuwa adui, hilo lisingetokea.

Wengine watakushauri upige eksirei, na huenda ikaonyesha kijimfupa kilichochongoka. Usiogope. Watu wengi wana kijimfupa hicho na hawaumwi chochote, na wengi wanaoumwa hawana. Wengine watasema ni gauti, uache nyama. Gauti hupenda shina la kidole gumba cha mguu, ambalo huvimba, huwa jekundu na la moto, wala haiachii kwa hatua chache za kutembea.

Kwa hiyo tiba ni kupunguza mzigo, kisha kuufundisha mguu kuubeba. Kabla hujashuka kitandani, pandisha mguu unaouma juu ya goti la pili, shika vidole, vivute kuelekea kwenye ugoko mpaka uhisi wayo unakaza, hesabu hadi 10, uachie. Rudia mara 10, na fanya hivyo mara tatu kwa siku. Vaa viatu vyenye soli nene hata ndani ya nyumba, na weka kigoda dukani ukae wateja wakipungua. Maumivu yakipungua, simama kwenye ngazi kwa mguu mmoja, taulo lililokunjwa likiwa chini ya vidole, ujiinue na kujishusha polepole, siku moja ndiyo, moja hapana. Utafiti wa Denmark uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba waliofanya zoezi hili walikuwa na nafuu zaidi baada ya miezi mitatu kuliko waliojinyoosha tu, ingawa baada ya mwaka tofauti ilikuwa ndogo.

Miezi mitatu ni mingi kwa mtu anayechechemea, najua, na ndiyo maana sindano ya kisigino inapendwa. Hupoza kweli, lakini nafuu yake mara nyingi ni ya wiki chache, na inaweza kudhoofisha utando, hata ukachanika. Mimi ningeiweka mwisho. Usisubiri mazoezi, nenda hospitali, ikiwa mguu umevimba au una joto, una ganzi, unauma hata ukiwa umelala, au maumivu yalianza baada ya kuanguka. Na kama una kisukari, achana na chupa ya barafu: mguu wenye ganzi huungua kwa baridi bila wewe kuhisi. Aukague kwanza mhudumu wa kliniki yako.