Mtoto Anaumwa Tena: Tutafute Chanzo, Tusitafute wa Kumlaumu

Katika toleo hili tunaendelea na masomo ya afya ya familia. Somo hili ni kwa ajili ya vikundi vya akina mama na akina baba. Tunaomba lisomwe kwa sauti na kujadiliwa, kwani linamgusa kila mwenye mtoto mdogo nyumbani.

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka miwili hapa Magomeni, Kilosa. Mwezi wa tatu alipata homa, akapimwa malaria zahanati, akapewa dawa ya mseto, akapona. Mwezi wa tano akaharisha. Mwezi wa saba viganja vyake vikawa vyeupe, mama akaambiwa damu ni pungufu, akapewa dawa ya maji ya kuongeza damu. Mwezi wa tisa damu imeshuka tena. Kila mara mhudumu alifanya kazi yake vizuri na dawa ikasaidia. Lakini mtoto haongezeki uzito, na mstari kwenye kadi ya kliniki umelala.

Huko Marekani ipo tiba inayojulikana sana siku hizi, ambayo taasisi yake ilianzishwa mwaka 1991. Wataalamu wake husema wasiutibu kila ugonjwa peke yake, bali wauangalie mwili wote pamoja na chakula, usingizi, mazingira na historia ya mgonjwa tangu utotoni, ili wajue ni kwa nini anaugua. Swali hilo ni zuri. Wanaowakosoa wanasema vipimo vyao ni vya gharama kubwa, wanauza virutubisho vingi vya chupa, na mambo kadhaa wanayoahidi hayajathibitishwa na utafiti wa kutosha. Sisi tunashauri tuchukue swali, chupa tuwaachie wenyewe. Hata huku kwetu wapo wanaopita na "dawa lishe" wakidai zinatibu kila kitu, na bei ya kopo moja ingenunua dagaa wa mwezi mzima.

Jamii yetu nayo imekuwa ikitafuta chanzo siku zote. Mtoto akikonda, watu hunong'ona kwamba amebemendwa, yaani wazazi wamekutana kimwili wakati bado ananyonya, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Mama akishasikia hivyo huona aibu na huacha kwenda kliniki ili watu wasimwone. Mtoto mwenye unyafuzi hufichwa ndani, wakati anahitaji hospitali haraka. Jibu la namna hiyo halimpi mtoto hata kijiko kimoja cha chakula. Tunapotafuta chanzo, tuulize kwanza: tukikibadilisha, mtoto atapata nini?

Turudi kwa mtoto wetu na damu yake. Damu inaweza kupungua kwa sababu haitengenezwi, au inaharibiwa, au inaibiwa. Haitengenezwi pale chakula kinapokosa madini ya chuma: uji mweupe wa mahindi asubuhi, ugali na mchuzi jioni, na kikombe cha chai ya rangi pembeni. Chai inywewayo pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua madini hayo. Maharage, kunde, dagaa, nyama au maini kidogo, pamoja na mchicha au matembele, husaidia. Na tunda kama chungwa, papai au embe likiliwa pamoja, mwili huyachukua madini hayo vizuri zaidi. Damu huharibiwa na malaria, maana vimelea huvunja chembe nyekundu. Kwa hiyo chandarua chenye dawa ni sehemu ya lishe, ingawa hatukizoea kukihesabu hivyo. Na damu huibiwa na minyoo ya safura, ambayo huingilia kwenye ngozi ya miguu mtoto anapokanyaga pekupeku ardhi yenye kinyesi. Dawa ya minyoo, ambayo hutolewa kwa watoto mara mbili kwa mwaka pamoja na vitamini A, huua minyoo iliyomo tumboni. Haimzuii mtoto kuambukizwa upya kama choo cha jirani hakina mfuniko, au hakipo kabisa.

Kuhusu maji hatusemi mengi. Wanaokumbuka mafuriko ya Mto Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010 wanajua jinsi choo na kisima vinavyoweza kuchanganyika. Tuchemshe maji, na tunawe mikono kwa sabuni.

Ipo sababu nyingine ambayo haitoki jikoni wala chooni. Mtoto ambaye damu hushuka mara kwa mara, macho yanakuwa ya njano, vidole vinavimba na analia kwa maumivu ya viungo, apimwe selimundu. Huu ni ugonjwa wa kurithi kutoka kwa wazazi wote wawili, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nao. Mama huyo akihubiriwa mchicha peke yake, anaonewa.

Takwimu za taifa zinatuonyesha uzito wa jambo hili. Udumavu kwa watoto chini ya miaka mitano ulikuwa asilimia 42 mwaka 2010, na ukashuka hadi 30 mwaka 2022. Hayo ni mafanikio. Lakini upungufu wa damu haukushuka hivyo: mwaka 2022, kama ilivyokuwa miaka ya 2015 na 2016, karibu watoto 6 kati ya kila 10 walikuwa nao.

Njia ya kutafuta chanzo kwa pamoja si ngeni nchini. Mwaka 1983 jirani zetu wa Iringa, tukipita Mikumi kwa barabara kuu, walianza mpango wa lishe wa Serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Vijiji vilipima watoto uzito, vikakaa kuchambua sababu, vikachukua hatua, kisha vikapima tena. Katika kuchambua ilionekana kwamba mama anayeshinda shambani hawezi kumlisha mtoto mara nne kwa siku, na tumbo la mtoto ni dogo, halitoshi kwa milo miwili mikubwa. Hapo suala likawa la kazi za nyumbani na la baba pia. Mwaka 1990 UNICEF iliingiza fikra hizo katika mwongozo wake wa lishe.

Tahadhari moja: kutafuta chanzo kusicheleweshe matibabu. Mtoto mwenye homa, degedege, anayeshindwa kunyonya, anayetapika kila kitu, anayepumua kwa shida au aliyelegea apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo. Maswali yatafuata akishapata nafuu.

Kazi ya kikundi robo hii: kila familia ije na kadi ya kliniki. Kwenye karatasi chora mwaka mzima wa mtoto, mwezi kwa mwezi: aliugua lini, nyumbani kulikuwa na chakula gani, mama alikuwa shambani au nyumbani, mvua ilinyesha lini. Kisha jadilini: magonjwa yamejikusanya miezi gani? Dagaa wakipatikana, nani anapakuliwa kwanza? Na baba anaweza kuchukua kazi ipi ili mtoto apate mlo mmoja zaidi kwa siku? Karatasi hizo mje nazo kwenye semina ijayo, tuzipitie pamoja na mhudumu wa afya ngazi ya jamii.