Hali ya Hewa na Mafuta ya Motokaa

Lori lipakialo ndizi Mitunguu hutoka katika joto la nchi ya chini, likapanda Nkubu mpaka Meru kwenye baridi ya mlima. Injini huiona tofauti hiyo.

Hewa ya joto ni nyepesi, na hewa ya juu milimani ni nyepesi pia; kwa hiyo nguvu za injini hupungua. Tena asubuhi za baridi za Julai oili huwa nzito, na injini hula mafuta mengi mpaka ipate moto. Ndiyo sababu safari fupi fupi hugharimu kuliko safari moja ndefu.

Haifai kuiacha motokaa ingurume imesimama dakika kumi. Kwa motokaa za siku hizi nusu dakika hivi yatosha. Kisha iendeshwe polepole mpaka ipate moto. Upepo wa matairi upimwe kabla ya safari, kwani baridi huupunguza, na tairi laini hupoteza mafuta. Maji yakichemka mlimani, rejeta isifunguliwe kabla ya kupoa, maana mvuke wake huunguza vibaya.

Dereva akiyashika haya, faida ya ndizi haitaishia katika tangi.