Chakula na Utulivu wa Moyo

Wazee wetu walinena, "Adui yako mwombee njaa." Zamani nilidhani maana yake ni kumwombea adui unyonge wa mwili tu, asiweze kuinua mkono. Sasa naamini waliona mbali zaidi. Njaa humpokonya mtu nguvu, kisha humpokonya subira na busara. Jambo hilo ndilo somo langu katika gazeti letu muhula huu, nami sikulijua kwanza kwa kusoma vitabu, bali kwa kuaibika.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha hesabu katika shule nyingine. Desturi yangu ilikuwa kutoka nyumbani alfajiri bila kula kitu. Nilitegemea chai ya rangi, tena nzito, vikombe viwili kabla ya kengele na vingine vitatu au vinne mchana kutwa. Chakula changu cha kweli kilikuwa cha usiku. Siku moja, kipindi cha nne, mwanafunzi aliinua mkono akasema, "Samahani, Mwalimu, hapo ni kutoa, si kujumlisha." Wakati huo mikono ilikuwa ikinitetemeka na moyo ukinidunda. Maneno yale niliyasikia kama tusi, nikamtoa darasani. Jioni nilipoitazama hesabu ile tena, niliona kwamba kijana alisema kweli.

Usiku ule sikupata usingizi, wala haukuwa usiku wa kwanza. Kesho yake nilimwomba radhi mbele ya wenzake, kisha nikaenda kumwona daktari, kwa kuwa nilihofu nina ugonjwa wa moyo. Alinipima, asione kasoro. Ndipo akaniuliza swali ambalo sikulitazamia: "Mwalimu, tangu asubuhi umekula nini?"

Basi na tuanze na ubongo. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kiasi cha sehemu 2 tu katika 100 za mwili wake, lakini hutumia karibu sehemu 1 katika 5 ya nguvu zote ambazo mwili hutumia ukiwa umepumzika. Chakula chake kikubwa ni sukari iliyomo katika damu. Mwili huilinda sukari hiyo kama mama mwenye nyumba alindavyo unga: ini huweka akiba, nalo huitoa kidogo kidogo mtu asipokula. Lakini sukari ikishuka mno, tezi mbili zilizo juu ya mafigo hutoa homoni iitwayo adrenalini. Moyo hudunda, jasho hutoka, mikono hutetemeka. Sasa angalieni: homoni hiyo hiyo ndiyo itokayo mtu akikutana na simba njiani. Mwili hupiga mbiu moja kwa hatari mbili. Akili, ikisikia mbiu na isimwone simba, huanza kumtafuta, na mara nyingi humwona katika mke, mume, jirani au mwanafunzi.

Chai na kahawa nazo zina kazi yao. Ndani yake mna kafeini, na kwa kawaida kikombe cha kahawa huwa nayo nyingi kuliko kikombe cha chai. Tukiwa macho, ubongo hukusanya kitu kiitwacho adenosini, ambacho hutuletea usingizi. Kafeini hukaa mahali pa adenosini na kuizuia isifanye kazi yake. Kwa watu wazima wengi huchukua kiasi cha saa tano nusu ya kafeini kutoka mwilini. Kwa hiyo aliyekunywa saa kumi jioni, saa tatu usiku bado anayo nusu yake. Sisemi kwamba chai ni sumu. Kikombe cha asubuhi hakiwadhuru wengi. Lakini vikombe vingi huleta mapigo ya moyo, kukosa usingizi na wasiwasi, hasa kwa mtu ambaye tabia yake ni ya wasiwasi. Naye aliyezoea asiache kwa siku moja, maana ataumwa kichwa na kuwa mkali, apunguze polepole.

Je, yote haya yamethibitishwa? Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwachagua vijana 36 waliojitolea, wenye afya ya mwili na ya akili. Mwaka 1945, kwa majuma 24, walipewa kiasi cha nusu ya chakula walichokizoea, hasa mkate, viazi na kabichi. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Lakini ajabu ilikuwa katika mioyo yao. Watu wapole waligeuka wepesi wa hasira. Wengine walijawa na huzuni, wakajitenga, wakaacha mizaha. Walikaa wakisoma vitabu vya upishi na kuota chakula. Hawakuwa watu wabaya; walikuwa watu wenye njaa.

Tena yawezekana tumbo likajaa na ubongo ukabaki na njaa. Ugonjwa wa pelagra huleta vidonda vya ngozi na kuhara, na pia kukosa usingizi, wasiwasi, huzuni, hata wazimu. Huko kusini mwa Marekani wengi walidhani waambukizana. Mwaka 1915 daktari Joseph Goldberger aliwalisha wafungwa 11 wa Mississippi, waliojitolea kwa ahadi ya kusamehewa kifungo, vyakula vya mahindi, ngano, wali, viazi vitamu na sharubati ya miwa, bila nyama, maziwa wala maharage. Baada ya miezi kama sita, 6 kati yao walionyesha dalili za ugonjwa. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem alikitambua kitu kilichokosekana, nacho ni vitamini iitwayo niasini. Mahindi huishika niasini yake hata mwili ushindwe kuipata. Hapa jirani, nchini Malawi, mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 18,000 walipatwa na pelagra baada ya karanga kukosekana katika posho yao ya mahindi. Ugali si adui yetu; hatari ni ugali peke yake, siku nenda siku rudi.

Mwaka 2017 wataalamu wa Australia walitangaza matokeo ya uchunguzi wao kwa watu wazima 67 wenye ugonjwa wa huzuni uitwao sonona. Kundi moja lilifundishwa kula mboga, matunda, jamii ya kunde, samaki na nafaka zisizokobolewa, na kupunguza vitamu na vya kukaanga. Kundi la pili lilipata mtu wa kuzungumza nao. Baada ya majuma 12, karibu mtu 1 katika 3 wa kundi la kwanza alikuwa ametoka katika ugonjwa; katika kundi la pili alikuwa 1 katika 12. Watu hao ni wachache, na wengi wao walikuwa wakiendelea na matibabu yao mengine. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba mchicha unatosha kuwa dawa. Huzuni na wasiwasi vyaweza kuletwa na msiba, deni au maradhi. Aliyezidiwa aende hospitali, na anayetumia dawa asiziache.

Nami nilifanya nini? Nilianza kula kiporo cha maharage au kiazi kitamu kabla ya kutoka, nikabakiza vikombe viwili vya chai, vyote kabla ya adhuhuri. Baada ya majuma machache nililala, na mikono ikatulia. Hasira sikuiacha yote, lakini sasa naijua itokako.

Wanafunzi wapenzi, baba akirudi kazini mkali, au mama akikujibu kwa ukali, usifanye haraka kusema kwamba hakupendi. Huenda amewaachia ninyi sahani yake. Mtengee chakula kwanza, kisha mzungumze.

Maswali

1. Kwa nini mwenye njaa na mwenye hofu hutetemeka sawasawa?
2. Mtu amekunywa kahawa saa kumi jioni. Saa nane usiku itakuwa imebaki sehemu gani ya kafeini?
3. Ugali kwa karanga wapita ugali mtupu kwa jambo gani?