Injini ya Rota Inapowashwa Mara ya Kwanza: Kwa Wajenzi wa Ndege wa Makomeno

Anayejenga ndege yake mwenyewe katika paseli ya Makomeno, hapa Lubumbashi, akaamua kuifungia injini ya rota ya Mazda RX-8 iliyotumika, amechagua mashine ndogo yenye nguvu: rota mbili, mhimili mmoja, hakuna pistoni wala vali. Si ndoto. Huko Florida, Tracy Crook aliruka kwa miaka mingi na ndege aliyoijenga mwenyewe, ikisukumwa na injini ya rota ya 13B ya Mazda. Shida ni kwamba fundi aliyezoea Toyota, injini ikikataa kuwaka, hukimbilia kuifungua. Mara nyingi kosa liko nje yake: kwenye betri, waya, esansi au radieta.

Jaribio lisifanyike uani. Propela ikivunjika, hakuna ukuta wa matofali unaoaminika kuzuia kipande chake, na watoto wa majirani lazima watakuja kutazama. Tafuteni kiwanja kipana nje ya mji. Mkia ufungwe kwa mnyororo kwenye kitu kisichong'oka, magurudumu yawekewe vizuizi, na mtu mmoja ashike kizima moto bila kazi nyingine yoyote. Hakuna wa kusimama mbele ya propela, wala ubavuni kwenye mstari wa mzunguko wake.

Mafuta ya injini ndiyo ya kwanza. Kata umeme wa esansi na wa cheche, toa buji za chini, zungusha kwa stata mpaka geji ya presha ya mafuta ipande. Wakati huohuo tega sikio. Kila rota ina nyuso tatu, kwa hiyo zisikike pumzi tatu zinazolingana. Pumzi moja ikiwa nzuri na mbili zimelegea, shuku sili ya ncha, kwa sababu sili hiyo hutenganisha vyumba viwili. Kwa RX-8, Mazda inataka mgandamizo wa angalau kilopaskali 680 stata ikizungusha mizunguko 250 kwa dakika. Lakini Lubumbashi iko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina mgandamizo pungufu kwa karibu asilimia 15. Geji ya mgandamizo ikisoma 600 hapa, usiihukumu injini kuwa imekufa.

Isipowaka, pima betri kabla ya kitu kingine. Betri iliyochajiwa nusu kwa sababu SNEL imekata umeme usiku itazungusha stata polepole, na injini ya rota haiwaki kwa mzunguko wa polepole. Ukiendelea kulazimisha, esansi inajaa vyumbani na kuosha mafuta yanayozisaidia sili kuziba; mgandamizo unapotea, na injini nzima inaonekana mbovu. Dawa yake ni rahisi. Kata esansi na cheche, toa buji uzikaushe, zungusha ili kupuliza vyumba huku watu wote wakiwa mbali na matundu, tia kijiko kidogo cha mafuta ya injini katika kila chumba, rudisha buji, chaji betri ijae, jaribu tena. Itatoa moshi mwingi wa bluu kwa muda mfupi. Huo usikutishe.

Ikiwaka lakini inapiga mishindo na haina nguvu, fuata waya. Kila rota ina buji mbili: ya chini hutangulia, ya juu hufuata. Waya zao zikibadilishana, injini inaweza kuunguruma bila kuvuta. Ukiwa kwenye mzunguko wa wastani, zima cheche za juu: mzunguko ushuke kidogo tu. Ziwashe, kisha zima za chini: ushuke zaidi. Ikiwa kinyume, umeshapata kosa. Kagua pia kihisi cha mhimili, maana waya zake mbili zikigeuzwa, muda wa cheche husogea.

Jambo ninaloliogopa kuliko yote ni joto. Nyumba za rota ni za aluminiamu, sahani za kando ni za chuma, na vitu hivyo havitanuki sawa. Injini ikichemka mara moja, mpira unaozuia maji kati yavyo unaweza kufa. Katika mwinuko wetu maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 96 hivi za Selsiasi, kwa hiyo kifuniko cha radieta chenye presha si pambo. Mafuta ya injini nayo hubeba takriban theluthi ya joto la kupoza, hivyo radieta ya mafuta ni ya lazima. Ndege iliyosimama haipati upepo wa kutosha. Elekeza pua kwenye upepo, washa asubuhi, na jaribio la kwanza liwe dakika chache tu. Maji yakifika nyuzi 95, zima. Mapovu yasiyoisha ndani ya radieta baada ya hewa kutolewa, au buji yenye maji asubuhi, ndiyo dalili ya kweli ya kufungua injini. Bomba la moshi linaweza kupita nyuzi 900. Mpira wa esansi ukae mbali nalo.

Ikiwa kila kitu kinakwenda sawa lakini propela haifiki mzunguko ulioahidiwa, kumbuka mwinuko tena. Injini isiyo na turbo hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake hapa, na Oktoba yenye joto huzidisha. Hapo punguza pembe ya propela, usiguse sili.

Esansi ya chupa za barabarani iacheni itulie katika chombo cheupe, muone kama kuna maji chini yake. Kiangazi, kuanzia Mei, vumbi jekundu linataka kichujio cha hewa hata kwa jaribio la dakika mbili.

Kila mara andikeni daftarini: saa, joto la hewa, la maji, la mafuta, presha, mzunguko. Ndege isiondoke ardhini, hata kwa mruko mfupi, kabla ya kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, AAC. Pelekeni daftari hilo kwao mapema, wakati injini bado iko kwenye mnyororo.