Je, Mbegu Zako Zingali Hai? Somo kwa Bustani ya Mboga na Maua

Katika shule moja ya sekondari ya pwani, ambako nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa baiolojia, nilionyeshwa kitalu cha vitunguu ambacho hakikuwa na hata mche mmoja. Vijana waliokuwa na zamu ya kumwagilia walikuwa wamekwisha kuadhibiwa kwa uvivu. Nilipoomba kuiona mbegu yenyewe, nililetewa kopo lililofunguliwa mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, nalo lilikuwa limekaa muda wote huo juu ya dirisha la stoo, kifuniko chake kikiwa hakikukazwa. Tulihesabu mbegu 100, tukazilaza juu ya kitambaa kibichi, nami nikarudi zangu. Baada ya siku 12 mwalimu aliniandikia kwamba zilikuwa zimeota mbegu tatu. Kitalu kile kilikuwa kimemwagiliwa maji vizuri kabisa. Kilichokosekana ni uhai ndani ya mbegu.

Makala hii yahusu uhai huo, kwani uchaguzi wa mbegu kwa ajili ya bustani ya nyumbani au ya shule huanzia hapo, kabla ya kuuliza rangi ya ua au ukubwa wa nyanya.

Mbegu kavu huonekana kama punje ya mchanga, lakini ndani ya ganda lake mna kiinitete, yaani mmea mchanga uliokwisha kuumbwa mzizi na chipukizi, pamoja na akiba ya chakula. Kiinitete hicho hupumua. Akiwa na shaka, mwanafunzi na ajaze kunde zilizoanza kuchipua katika chupa ya chai ya kuhifadhi joto, aweke pamba mdomoni, achomeke kipimajoto. Kisha afanye vivyo hivyo kwa kunde zilizochemshwa zikapoa, akizisuuza kwanza kwa dawa ya kuua vijidudu ili zisioze na kutoa joto la uongo. Katika muda wa siku moja au mbili ataona joto la chupa ya kwanza likipanda. Mbegu kavu nayo hutumia chakula chake, ila polepole mno. Kadiri inavyopata unyevu na joto, ndivyo inavyoharakisha matumizi hayo, na ndivyo kuta laini za chembehai zake na vimeng'enya vyake vinavyoharibika. Hatimaye huja siku ambayo mbegu haiwezi tena kujitengeneza, ingawa kwa macho haina dalili yoyote ya kufa.

Mtaalamu wa mbegu wa Marekani, James Harrington, alitoa kanuni mbili nyepesi ambazo kila mwenye bustani angefaa kuzikumbuka. Kila unyevu wa mbegu unapopunguzwa kwa asilimia 1, uhai wake hurefuka mara mbili. Na kila joto la mahali inapohifadhiwa linapopungua kwa digrii 5 za Sentigredi, uhai hurefuka tena mara mbili. Kanuni hizi ni za kukadiria tu, nazo hazifai kwa mbegu zenye majimaji kama za embe na fenesi, ambazo hufa zikikaushwa. Lakini kwa mboga nyingi hesabu yake yashangaza. Mbegu yenye unyevu wa asilimia 12 ikikaushwa hadi asilimia 8 itaishi mara 16 zaidi. Ikitolewa penye digrii 30 ikawekwa penye digrii 20, itaishi mara 4 zaidi. Hii ndiyo sababu mbegu iliyodumu vizuri Lushoto hufa upesi Tanga mjini, ingawa ilitoka katika gunia moja.

Aina nazo hutofautiana. Kitunguu ndicho dhaifu kuliko vyote: hata panapokuwa pakavu na penye ubaridi, si busara kuitegemea mbegu yake baada ya mwaka mmoja. Bamia hudumu kama miaka miwili, karoti mitatu, nyanya na matango minne au mitano. Pakiti ikishafunguliwa katika hewa ya pwani, hesabu hizo hazina nguvu tena. Mbegu iliyobaki na ikaushwe kivulini penye upepo, iwekwe katika chupa yenye kifuniko cha kukaza pamoja na mchele uliokaangwa ukakauka na kupoa, ambao utafyonza unyevu uliosalia. Jua kali la adhuhuri juu ya bati si mahali pa kukaushia mbegu.

Sasa tuje kwenye jaribio lenyewe. Tandaza kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa, panga juu yake mbegu 100 kwa safu za kumi kumi, kunja, weka katika sahani kivulini, na usiache kikauke. Hesabu zilizoota kila siku. Wengi hutumia mbegu 10 kwa kuwa ni nyepesi kuhesabu, na hapa mwalimu wa hisabati angefaa aitwe. Tuseme uotaji halisi wa mbegu zako ni asilimia 70. Ukipima mbegu 10 tu, yapo majaribio kama 15 kati ya 100 yatakayokuonyesha 9 au 10 zikiota, ukajidanganya kwamba mbegu ni bora. Na mengine kama 15 yatakuonyesha 5 au pungufu, ukaitupa mbegu inayofaa. Ukipima 100, aghalabu jibu litakuwa kati ya 61 na 79. Zikiota chini ya nusu, usipoteze nafasi ya kitalu, kwani hata hizo chache zinazoota huwa hafifu. Ama ile desturi ya kumimina mbegu majini na kutupa zinazoelea, mimi siiamini: mbegu iliyokufa juzi huzama sawasawa na iliyo hai.

Swali la pili ni uzao. Pakiti zenye alama ya F1 ni chotara wa kizazi cha kwanza. Mimea yake hufanana na huzaa sana, lakini anayekamua mbegu za nyanya hizo ili apande tena atavuna mchanganyiko, kwa sababu zile zile alizozieleza Mendel mwaka 1866 kwa njegere zake. Nyanya za mbegu ya kawaida, kama Tanya na Tengeru 97, waweza kuzihifadhia mbegu nyumbani, kwa kuwa ua la nyanya aghalabu hujichavusha lenyewe. Kunde ni vivyo hivyo. Maboga, matango na maua ya zinia huchavushwa na wadudu, na nyuki hajui mpaka wa bustani yako. Anayepanda zinia nyekundu jirani na za manjano asishangae mwaka ujao.

Katika upandaji, kosa la kawaida ni kuzika mbegu mno. Akiba ya chakula ndiyo nauli ya chipukizi hadi kwenye mwanga: kunde yaweza kusafiri sentimita 3 au 4, mchicha hauwezi. Fukia mbegu kwa kina cha mara mbili au tatu ya unene wake, na mbegu ndogo kama za mchicha na mrehani uzichanganye na mchanga mkavu ili zisirundikane. Bamia, yenye ganda gumu, iloweke usiku mmoja.

Saladi ina tabia yake ya pekee. Mwaka 1952 watafiti wa Beltsville, Marekani, walionyesha kwamba mbegu zake huamshwa na mwanga mwekundu, hivyo haifai kufunikwa ila kwa vumbi la udongo tu. Tena aina nyingi hugoma kuota joto la udongo likizidi digrii 30 hivi. Mkazi wa Dar es Salaam na aipande magharibi, juu ya udongo uliopozwa kwa maji, ili saa za kwanza za kunywa maji ziwe za usiku, kisha akifunike kitalu kwa makuti. Lakini maji yasizidi, maana miche iliyobanana katika udongo uliolowa hulala chini kwa kinyausi, ugonjwa wa kuvu. Mbegu zilizopakwa dawa ya rangi ili kuzuia kuvu hao zishikwe kwa uangalifu, wala zisiliwe wala kulishwa kuku.

Siku ya kupanda, mwalimu na atenge mbegu 100 kutoka katika pakiti ile ile na kuzilaza juu ya kitambaa darasani, tarehe ikiandikwa. Kitambaa kikiota na kitalu kisiote, achunguze kina, joto la udongo, sisimizi wanaobeba mbegu, na zamu ya maji. Visipoota vyote viwili, aende akalitazame kopo.