Somo la Robo Hii: Maisha Baada ya Kidato cha Nne Huandaliwa Kidato cha Tatu



Kila mwezi Januari, Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, barua kutoka sharikani huongezeka. Karibu zote huuliza jambo moja: kijana wetu amemaliza, sasa asaidiweje? Barua hizo ni halali. Lakini mara nyingi, wakati barua inapoandikwa, baadhi ya milango imekwisha kufungwa, wala haikufungwa na matokeo. Ilifungwa mwaka mmoja au miwili nyuma, kijana akiwa kidato cha tatu, wakati hakuna mtu aliyekuwa akimwuliza lolote kuhusu kesho yake.

Lengo la somo hili ni kuzisaidia kamati kuuhamisha msaada wao, kutoka kwenye kungoja matokeo na kuja kwenye mwaka wa kidato cha tatu. Mengi ya yale tunayopendekeza hayahitaji fedha nyingi, ila yanahitaji mtu wa kufuatilia.

1. Milango mitatu inayofungwa mapema

Mlango wa kwanza ni uchaguzi wa masomo. Katika mtaala ambao wanafunzi wengi wa sekondari wameusoma hadi sasa, mwanafunzi akiingia kidato cha tatu huweza kuacha Fizikia na Kemia. Wengi huyaacha kwa sababu mwalimu hayupo, au kwa sababu rafiki ameyaacha. Miaka miwili baadaye binti huyo anatamani kusomea uganga katika chuo cha afya. Mwongozo wa udahili unamtaka awe na ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Baiolojia, Kemia na Fizikia. Hata alama D inakubalika kuwa ufaulu. Lakini asiyefanya mtihani wa Fizikia hana hata hiyo D. Anaweza kuwa na alama nzuri sana za Historia na Kiswahili, na bado mlango ule usifunguke. Kwa hiyo wiki za kwanza za kidato cha tatu zina uzito mkubwa kuliko wazazi wengi wanavyodhani.

Hapa tuongeze neno kuhusu mtaala ulioboreshwa, ambao ulianza kutumika hatua kwa hatua mwaka 2024. Mtaala huu una mikondo miwili katika sekondari, yaani mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa amali. Kamati iulize shuleni kila kijana yuko katika mkondo upi na anasoma masomo gani, isikisie.

Mlango wa pili ni kalenda ya vyuo vya ufundi stadi. Kwa kawaida maombi ya kujiunga na vyuo vya VETA hupokelewa kuanzia mwezi wa nane hadi wa kumi, na masomo huanza Januari. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, na matokeo hutoka Januari. Maana yake ni kwamba kijana anayesema "nasubiri matokeo kwanza" amekwisha kukosa nafasi ya mwaka huo. Fomu inatakiwa kujazwa akiwa bado darasani.

Mlango wa tatu ni nyaraka. Cheti cha kuzaliwa huombwa karibu kila mahali, na kwa maombi ya mkopo wa elimu ya juu kinatakiwa kiwe kimehakikiwa na RITA. Aliyefiwa na mzazi hutakiwa kuwa na cheti cha kifo. Vijana wengi wa vijijini hawana cheti cha kuzaliwa, au wanacho chenye jina lisilofanana na lile la shuleni. Tofauti ya herufi moja tu inaweza kumchelewesha mtu miezi kadhaa.

Katika jambo hili usharika una hazina ambayo wengine hawana, nayo ni daftari la ubatizo. Cheti cha ubatizo ni mojawapo ya viambatanisho vinavyopokelewa mtu anapoomba cheti cha kuzaliwa akiwa amechelewa, pamoja na vingine kama kadi ya kliniki au cheti cha kumaliza elimu ya msingi. Mchungaji au mwinjilisti akifungua daftari lile na kuwaandikia vyeti vijana wote wa kidato cha tatu kwa siku moja, atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko mchango wa fedha.

2. Njia zilizopo baada ya kidato cha nne

Wazazi wengi wanajua njia moja tu: kidato cha tano, kisha chuo kikuu. Mtoto asipoipata, nyumba nzima huona amefeli. Kamati inapaswa kuzifahamu njia zote na kuzieleza bila kuzipanga kwa heshima.

a) Kidato cha tano na cha sita. Mwanafunzi anahitaji angalau alama tatu za C au zaidi katika masomo yasiyo ya dini, na pointi zisizozidi 25. Ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali ilifutwa mwaka 2022, kama ilivyofutwa mpaka kidato cha nne mwaka 2016. Hata hivyo godoro, sare, madaftari na nauli bado ni mzigo wa mzazi. Tahasusi nazo ziliongezwa mwaka 2024 zikafikia 65, hivyo kijana anahitaji mtu wa kumweleza kila tahasusi inaelekea wapi.

b) Vyuo vya kati. Hivi hutoa astashahada na stashahada katika afya, kilimo, mifugo, biashara, uhandisi na fani nyingine, chini ya usimamizi wa NACTVET. Kozi nyingi za astashahada humpokea mwenye ufaulu wa D nne zisizo za dini. Kwa hiyo kijana mwenye daraja la nne hajafika mwisho wa safari. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo hutoa mikopo pia kwa baadhi ya kozi za stashahada zilizopewa kipaumbele. Mwongozo wa udahili hutolewa kila mwaka. Kamati ipate nakala ya mwaka husika.

c) Ufundi stadi. Vyuo vya VETA na vyuo vingine vilivyosajiliwa, vikiwemo vya makanisa, hufundisha umeme, useremala, uchomeleaji, ushonaji, magari na mengineyo, kwa ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu.

d) Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Vilianza mwaka 1975 na viko 54 nchini. Vingi viko karibu na vijiji, na vimekuwa msaada mkubwa hasa kwa wasichana waliokatisha masomo.

e) Kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Njia hii ni nzuri kwa anayekosa somo moja au mawili, lakini isiwe maficho ya kukwepa kuamua.

f) Kujifunza kazi kwa fundi, au kuingia katika kilimo na biashara ndogo. Aliyejifunzia kazini anaweza baadaye kupimwa na VETA na kutambuliwa rasmi ujuzi wake.

3. Namna ya kuzungumza na kijana na wazazi wake

Tunapowauliza vijana, "Mwanangu, ukimaliza shule utafanya nini?" wengi hujibu, "Nitaendelea na masomo." Jibu hili ni la adabu, ila halitupi habari. Tunashauri mzee wa kanisa au mwalimu aliyeteuliwa akae na kijana na kumwuliza maswali madogo zaidi. Ni somo gani unalielewa hata mwalimu asipokuwepo? Nyumbani hukutuma kazi gani kwa kuwa wanajua utaiweza? Hapa kwetu ni nani anafanya kazi ambayo ungependa kuifanya? Je, umewahi kumwuliza alianzaje?

Swali la mwisho lina faida kubwa. Katika kila usharika kuna mwuguzi, fundi umeme, bwana shamba, mshonaji, mhasibu wa SACCOS. Kamati iwaombe wawapokee vijana wawili watatu kwa siku moja wakati wa likizo ya mwezi wa sita. Kijana aliyekaa zahanati kutwa nzima huelewa kwa nini Kemia si ya kuacha. Mwingine hugundua kwamba hawezi kuvumilia kuona damu, na hilo pia ni faida, kwa sababu ameligundua kabla ya kulipiwa ada.

Wazazi nao wazungumziwe, tena kwa heshima. Baba aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome hapendi kuambiwa habari za useremala. Tusimbishie. Tumwonyeshe masharti ya kila njia, tumwonyeshe alama za mtoto za kidato cha pili, kisha tuweke njia ya kwanza na njia ya pili. Kila kijana awe na njia mbili zilizoandikwa, na mzazi azifahamu zote. Ufundi usitajwe nyumbani kama adhabu ya aliyefeli, kwani kijana atakayekwenda chuoni akiwa ameaibishwa hatajifunza vizuri.

4. Miezi ya kungoja

Mtihani ukiisha Novemba, kidato cha tano huanza mwezi wa saba mwaka unaofuata. Ni zaidi ya miezi saba. Katika miezi hiyo tunawapoteza vijana wengi. Msichana huchukuliwa na ndugu kwenda mjini "kukaa na mtoto", na barua ya kuitwa shule ikifika hana nauli ya kurudi. Mvulana huanza bodaboda, akizoea fedha ya kila siku darasa huwa chungu. Wengine hupata ujauzito. Tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi katika shule ya serikali, na kamati isikae kimya juu ya haki hiyo. Lakini ni heri zaidi asiachwe peke yake tangu mwanzo.

Kamati ipange jambo la kufanya kabla miezi hiyo haijafika: kozi fupi ya kompyuta au ushonaji, bustani ya mboga ya kikundi, au kusaidia kufundisha watoto wa shule ya msingi jioni. Muhimu zaidi, kila kijana awe na mlezi mmoja anayejua yuko wapi na ana namba gani ya simu.

5. Neno kwa wafadhili

Marafiki wetu hutuuliza ni wapi fedha kidogo hufanya kazi kubwa. Jibu letu ni kwamba fedha ya mapema ndiyo yenye nguvu. Ada ya cheti cha kuzaliwa, nauli ya kwenda kuchukua fomu, kitabu cha Fizikia, au posho ya mwalimu wa muda wa Kemia katika likizo ni gharama ndogo, lakini ndizo zinazoamua kama mlango utakuwapo.

Pili, tunaomba ahadi ziwe za kozi nzima. Stashahada ya uganga ni miaka mitatu. Fedha zinazotosha miaka mitatu ya kijana mmoja zinaweza pia kugawanywa kwa vijana watatu, mwaka mmoja kila mmoja. Kwenye taarifa, watatu wanaonekana wengi kuliko mmoja. Lakini wale watatu, wasipopata wa kuwaendeleza, wanarudi nyumbani na nusu ya safari, na mara nyingi na deni la ada. Tunajua ni vigumu kuwaambia wazazi wawili hapana. Hata hivyo kamati iliyoahidi kidogo na kutimiza huaminiwa na watu wake.

6. Kalenda fupi ya kamati

Kidato cha tatu, Januari: pata orodha ya vijana wote wa usharika waliongia kidato cha tatu, bila kubagua wasiohudhuria ibada mara kwa mara. Kaa na wazazi kuhusu uchaguzi wa masomo.
Machi hadi Mei: kagua vyeti vya kuzaliwa na majina, toa vyeti vya ubatizo.
Juni: siku ya kutembelea mahali pa kazi.
Septemba: kila kijana aandike njia yake ya kwanza na ya pili.
Kidato cha nne, Agosti hadi Oktoba: wanaochagua ufundi wajaze fomu.
Novemba: kila kijana akabidhiwe mlezi wa miezi ya kungoja.

7. Maswali ya kujadili katika kikao

1. Katika usharika wetu, vijana wangapi wako kidato cha tatu mwaka huu? Je, tunawajua kwa majina?
2. Shule yetu ya kata ina mwalimu wa Fizikia na wa Kemia? Kama hana, tunaweza kufanya nini kabla ya likizo ijayo?
3. Ni nani miongoni mwetu anaweza kumpokea kijana kazini kwake kwa siku moja?
4. Mwaka jana tuliahidi kusaidia vijana wangapi? Wangapi kati yao wamemaliza kozi?

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Tunaziomba kamati zijadili somo hili kabla ya robo ijayo na kutuletea orodha ya majina ya vijana wa kidato cha tatu pamoja na hali ya vyeti vyao. Orodha hiyo ndiyo tutakayoanza nayo kazi.

Mungu awatie nguvu.