SOMO: Mbwa wa mbio mkaidi, na jinsi ya kumfundisha asikimbize mbwa wadogo akiwa hana kamba

Leo tuiweke korosho pembeni kidogo, tumzungumzie mlinzi wa shamba.

Msimu uliopita kijana mmoja wa hapa Lisekese alinipigia simu asubuhi. Ana mbwa chotara: mama ni wa kienyeji, baba aliambiwa ni Greyhound. Mbwa mrefu, mwembamba, kifua kirefu, tumbo limeingia ndani. Siku hiyo alikuwa hana kamba. Akamwona mbwa mdogo wa mama mmoja aliyekuja kuokota korosho, akamfukuza kati ya mikorosho, akamuua. Yule mama akachukua ndoo yake akaondoka, na wenzake wawili wakamfuata. Kijana akalipa fidia, na korosho zikabaki chini bila watu wa kuokota. Akaniambia, "Afisa, huyu mbwa mkaidi, nimempiga mpaka nimechoka." Nikamjibu: fimbo weka chini kwanza, tuanze upya.

Kwa nini anaonekana mkaidi

Mbwa wengi huwinda kwa pua. Hawa wa mbio huwinda kwa macho. Greyhound wa Uingereza yuko kundi hili, na Saluki ambaye Waarabu, hata wa Oman, wamemfuga miaka mingi kwa kuwinda sungura na swala, naye yumo humo. Kitu kidogo kikikimbia mbele yake, mwili wake unaondoka kabla hajafikiri. Greyhound akikolea hukaribia kilomita 70 kwa saa kwa masafa mafupi. Wewe unaita "rudi!", yeye ameshafika. Hakudharau, bwana, hata sauti yako haikumwingia.

Kwa hiyo shika neno moja leo: kazi yote hufanyika kabla hajaanza kukimbia. Akishaondoka, umechelewa.

Vifaa

- Mkanda wa kifuani. Shingo ya mbwa wa mbio ni pana kuliko kichwa chake, hivyo kola ya kawaida huchomoka. Tena akifika mwisho wa kamba kwa kasi, shingo inaweza kuumia.
- Kamba ya mita 10 hivi. Usiizungushe mkononi, itakukata vidole.
- Vipande vidogo vya maini au dagaa. Kitu kizuri kuliko chakula chake cha kila siku.

Hatua ya 1: Wito mmoja, ndani ya uwanja

Chagua neno moja au filimbi. Ita mara moja, akija mpe kipande, kisha mwachie aendelee na mambo yake. Dakika 5 asubuhi, dakika 5 jioni. Usimwite kumfunga tu, maana atajua kuja kwako ndiyo mwisho wa raha. Na hata akichelewa, akifika usimpige. Ukimpiga, umemfundisha kwamba kurudi kunauma. Kosa hili naliona kila mahali.

Hatua ya 2: Tafuta umbali wake

Mpeleke kwa kamba mahali anapoweza kumwona mbwa mdogo kwa mbali, tuseme mita 50. Muangalie yeye, usimwangalie yule mdogo. Masikio yakisimama, mwili ukikaza, akaganda bila kupepesa macho, hapo injini imeshawaka. Rudi nyuma taratibu mpaka aweze kukugeukia.

Kipimo ni rahisi: mpe kipande cha maini. Akila, umbali unafaa. Akikataa, mko karibu mno. Kila anapomwona yule mdogo kisha akakugeukia, mpe. Anajifunza kwamba mbwa mdogo akitokea, habari njema iko kwako.

Hatua ya 3: Sogea kidogo kidogo

Punguza mita chache tu kila akifanya vizuri siku kadhaa mfululizo. Mwombe jirani mwenye mbwa mdogo mtulivu mtembee sambamba, kila mmoja na kamba yake, wewe upande huu wa njia, yeye upande ule. Mbwa mdogo anayetembea ni somo moja. Anayekimbia na kubweka ni somo jingine gumu zaidi, kwa hiyo ukifika hapo rudisha umbali kama mnaanza upya.

Usiseme, "Mbona nyumbani analala na mtoto wa mbwa?" Yule anamjua, ni wa kwake. Mgeni anayekimbia shambani anaonekana sungura.

Hatua ya 4: Kumfungua

Anza mahali penye uzio, kamba ikiburuta chini ili uweze kuikanyaga. Mwite mara 10 kwa nyakati tofauti. Akija mara 8, bado. Akija zote 10, mwite tena mbwa mdogo akiwa mbali anaonekana. Usimfungue akiwa na mbwa wenzake wawili watatu. Mmoja akianza kufukuza, wote wanakuwa kundi la kuwinda.

Kama ameshaua au kujeruhi, usimjaribu bila kizuizi cha mdomo kinachomruhusu kuhema na kunywa maji. Mzoeshe kwanza nyumbani kwa kumlisha vipande kupitia hapo.

Usisahau afya na sheria

Mbwa wa shamba lazima awe na chanjo ya kichaa cha mbwa. Muulize afisa mifugo wa kata ratiba. Mtu aking'atwa, oshwa jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata jeraha likiwa dogo. Kichaa cha mbwa dalili zikishatokea, kupona ni nadra sana. Na kumtesa mbwa kwa kipigo au njaa ni kosa: tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008.

Mwisho wa yule kijana

Amefanya mazoezi miezi mitano. Sasa mbwa wake anapita njiani na kamba iliyolegea, mbwa mdogo wa jirani akibweka anamwangalia bosi wake anasubiri dagaa. Ndani ya uzio anafunguliwa. Lakini tumekubaliana, msimu wa kuokota ukifika, watu wakija na watoto na mbwa wao, yeye anabaki kwenye kamba ndefu kivulini. Wapo mbwa wa aina hii ambao hawatafaa kuachwa huru mahali pa wazi maisha yao yote, na mfugaji mzuri anakubali hilo mapema. Kamba ya mita 10 ni bei ndogo ukilinganisha na fidia na korosho zinazooza chini.

Yule mama wa ndoo amerudi kuokota kwake mwaka huu. Alipofika, kitu cha kwanza aliuliza mbwa yuko wapi. Kijana akamwonyesha kamba.

Anza leo jioni, dakika 5 tu. Tukutane somo lijalo.